Kusikiliza Mguu

Dada yangu alikuwa fundi wa miguu ya bandia, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuna mtu aliyetoka kwenye karakana yake akichechemea. Nalisema hili mapema kwa sababu mimi ni mtu wa hasira na sina mazoea ya kumsifia mtu ovyo. Nilifanya naye kazi miaka kumi na tisa, nikishona mikanda ya ngozi kwenye cherehani ya pembeni, na tuligombana karibu kila siku: kuhusu dirisha, kuhusu redio, kuhusu nani kamaliza sukari bila kununua nyingine. Kuhusu miguu hatukuwahi kugombana. Hapo yeye alikuwa mkubwa na mimi mdogo, basi.

Alikuwa na namna yake ya kupima. Mguu una vitu vitatu: kikombe cha plastiki kinachopokea kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki, bomba la alumini chini yake, na unyayo wa mpira. Ukishaunganishwa, mwenyewe huuvaa na kutembea katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, kwenda na kurudi. Mafundi wengine hukaa mbele wakamwangalia. Dada alivuta kiti, akakaa akiutazama ukuta, akampa mteja mgongo. Alisema mtu akitazamwa hujikaza, akatembea kwa ajili ya anayemtazama. Kwa hiyo yeye alisikiliza. Hatua ya mguu mzima, hatua ya bandia, ya mzima, ya bandia. Kisha anasema bomba ni refu kwa upana wa kucha, anakata, na kweli mtu anatembea kama aliyezaliwa nao. Wakati huo hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Mimi nilisimamisha cherehani nikakaa kimya mpaka amalize.

Mwaka jana alipatikana na saratani. Daktari, binti mpole mwenye sauti ndogo, alimweleza wazi kwamba dawa zingempa miezi, si miaka. Dada akamshukuru, akauliza choo kiko wapi, akakaa humo nusu saa. Dawa zenyewe zilikuwa kali. Nywele zikatoka, kucha zikawa nyeusi, tukazoea. Kilichonishinda mimi ni kwamba aliacha kwenda kazini. Nguvu za saa mbili tatu kwa siku alikuwa nazo. Hamu ndiyo iliyokuwa imekwisha, akawa anashinda kwenye kochi akikodolea macho feni isiyozunguka.

Siku moja nikamuuliza anafikiria nini, na akaniambia.

"Mjenzi anaacha nyumba," alisema. "Wewe una watoto. Mimi mguu wangu mkongwe kuliko yote duniani una miaka mitano. Iliyobaki yote ilichakaa ikatupwa. Maisha yangu yote nimetengeneza takataka."

Nikamwambia ilichakaa kwa sababu watu waliitembelea, walikwenda nayo makazini na harusini. Akasema hayo ni maneno ya msibani, niyahifadhi, nitayahitaji karibuni. Halafu akaongeza jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwake, kwa maana alikuwa mtu wa ibada tangu utotoni. Alisema siku hizi akifumba macho kuomba ni kama anaongea kwenye simu iliyokatika. Hajui kama upande wa pili kuna mtu. Hajui kama aliwahi kuwapo.

Mungu anisamehe, nilimpigia kelele mgonjwa. Nikamwambia kama yeye maisha yake ni takataka basi ya kwangu tuyaite nini, mimi niliyeshonea takataka mikanda. Nikaenda jikoni, nikafungulia maji ili asinisikie, nikalia.

Aliyemtoa kwenye lile kochi ni mwalimu wa hesabu. Huyu alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti baada ya ajali, na Dada alikuwa amemtengenezea miguu miwili, mmoja baada ya mwingine. Wa pili ulikuwa umepasuka kikombe. Akaja nyumbani kwa magongo, jasho likimtoka, akakaa bila kukaribishwa. Dada akamwelekeza kwa fundi mwingine, kijana hodari, mwenye mashine mpya. Mwalimu akasema anamfahamu, amesikia sifa zake, na anamtakia kila la heri.

"Mimi nasimama darasani saa sita kwa siku," akasema. "Mguu ukiniuma, nawapa watoto hesabu ngumu. Wahurumie watoto, Fundi."

"Nakufa, Mwalimu."

"Nimeambiwa. Tunaanza lini?"

Mimi nilitaka kumtoa nje yeye na magongo yake. Dada akatazama kile kigutu, jinsi ngozi ilivyochubuka upande mmoja, akainama akaigusa kwa kidole gumba. Akauliza inauma hapa au hapa. Kisha akaniambia nimletee viatu.

Tulifanya kazi siku tisa, saa mbili mbili, kwa sababu muuguzi aliyekuwa akimhudumia alikataza zaidi. Natamani ningeweza kumwonyesha kila mtu zile siku tisa. Mikono ilikuwa imekonda hadi pete ikawa inadondoka, akaifunga shingoni kwa uzi, lakini mikono hiyo ikigusa kazi haikusita. Alizungusha bendeji ya plasta kwenye kigutu huku akiusoma mfupa kwa vidole, akipiga soga na Mwalimu kuhusu bei ya vitunguu. Alichonga nakala ya plasta ya kile kigutu akiipapasa amefumba macho. Kazi za kubeba nilibeba mimi, na plastiki ikitoka kwenye tanuri, laini na inayounguza, tuliivuta wote wawili, yeye akinitukana kwamba navuta kama naanika shuka. Akichoka alijilaza juu ya meza ya kazi, katikati ya spana na vumbi jeupe, akapumzika dakika kumi, akaamka. Neno takataka sikulisikia tena wiki hiyo. Nilimpenda mpaka nikawa namkasirikia, kwa sababu sikujua nitaupeleka wapi upendo wote huo baadaye.

Siku ya kumi Mwalimu akavaa mguu. Dada akavuta kiti, akageukia ukuta. Mimi nikasimamisha cherehani.

Mwalimu akatembea. Dada akasema bomba ni refu, akakata kidogo, akarudi kwenye kiti. Mwalimu akatembea tena, na mimi nikasikia hatua zimelingana, nikaanza kutafuta uzi wa kuendelea na kazi. Dada akasema bado ni refu. Akakata. Mwalimu akatembea, akawa anadondokea kushoto, hatua moja nyepesi, moja nzito. Dada akakunja uso, akasema bado ni refu, akakata mara ya tatu.

Hakuna aliyefungua kinywa. Hilo ndilo kosa letu, na sidhani kama kuna karakana nyingine ambako lingetokea. Mimi nilisikia na nikanyamaza, kwa sababu miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kusema neno Dada akisikiliza. Mwalimu naye nyonga ilikuwa inamuuma waziwazi, lakini aliliamini sikio la Dada kuliko nyonga yake mwenyewe. Mtu anayefundisha hesabu, anapunguziwa mguu mara tatu, anasema asante.

Mwishowe Mwalimu akasema kwa adabu kwamba tukiendelea hivi atakuja kuvaa kiatu gotini. Dada akageuka. Akaona bega la kushoto lilivyoshuka. Akachukua futi, akapima, akapima tena. Bomba lilikuwa fupi kwa karibu sentimita mbili.

Akaketi. Akatueleza, bila kututazama, kwamba tangu dawa ya tatu masikio yanavuma. Sauti kubwa anazipata, zile ndogo ndogo zimepotea. Unyayo wa mpira ukigusa sakafu ulimfikia hafifu, na maisha yake yote hatua hafifu ilikuwa na maana moja tu, kwamba bomba ni refu na mtu anaogopa kulikanyaga. Daktari alikuwa amemwonya kuhusu masikio. "Nilidhani ya kazini yatabaki," akasema.

Akaanza kufungua aproni. Vidole vilivyokuwa havisiti wiki nzima vikashindwa na fundo. Akasema basi, hata takataka hawezi tena kuzitengeneza, tumpeleke Mwalimu kwa yule kijana.

"Ulipokata mara ya kwanza ilikuwa sawa," nikasema.

Akauliza nimejuaje. Nikamwambia nilisikia.

"Kwa nini hukusema?"

"Ni nani amewahi kusema humu ndani?"

Hapo alinikasirikia jinsi ambavyo hakuwa amenikasirikia tangu augue. Aliniita majina ambayo mama yetu alituchapa kwa kuyataja. Mwalimu akajaribu kunitetea, akakiri habari ya nyonga, naye akapata fungu lake. Watu wazima wawili, akasema, wamekaa wakimwangalia kiziwi akiharibu mguu. Kisha akafunga aproni upya, akachukua bomba jipya, akalikata refu kidogo kama desturi, akalifunga mahali pake. Kazi hiyo ilimla saa nzima. Saa mbili za muuguzi zilikuwa zimepita zamani. Midomo yake ilikuwa imepauka, na alikuwa anashika ukingo wa meza kila anapohama.

Akavuta kiti. Safari hii hakugeukia ukuta, alinigeukia mimi, na kiti chenyewe akakisukuma kwangu. Nikakaa nikiutazama ukuta, yeye akasimama kando yangu, ameshika bega langu.

Mwalimu akatembea, kwenda na kurudi. Dada akaniambia kwa upole, nadhani mara ya kwanza katika maisha yetu, "Haya, mdogo wangu. Iko sawa?"

Haikuwa sawa. Ilikuwa imezidi kidogo sana, unene wa mkanda wa saa, kitu ambacho Mwalimu angekizoea kwa wiki moja na nyonga yake ingekuja kulalamika baada ya miaka. Nikimwambia ni sawa, Dada angekaa. Angekwenda nyumbani amemaliza mguu, pengine wa mwisho, na sikuona kama angeweza kushika msumeno tena siku hiyo. Dada yangu alikuwa anakufa, na mimi nilikuwa na neno moja la kumpumzisha. Nilifungua kinywa nilitoe.

"Bado," nikasema. "Imezidi. Unene wa mkanda wa saa."

Akauliza nina hakika. Nikasema ninayo. Akauliza ni kisigino au ni bomba, nikamwambia ni bomba, kisigino kinatua vizuri. Akamwomba Mwalimu atembee tena, akawa ananitazama mimi wakati ninasikiliza, na nikamwambia vilevile.

Alianza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile siku ya daktari. Alicheka mpaka akashika ubavu, machozi yakamtoka, Mwalimu akasimama kati ya vile vyuma asijue kama na yeye acheke.

"Kumbe miaka yote hiyo," akasema, "kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unasikiliza."

Akaliachia bega langu, akajiegemeza mezani kwa kiwiko, akanyoosha mkono.

"Lete msumeno."