Somo la Kasuku

Kwao Eino Pelkola, kwenye miji ya machimbo ya chuma kaskazini mwa Minnesota, mtu akipita akakuta sanduku la barua la jirani limeinama, hulinyoosha, akashindilia theluji chini ya nguzo kwa kisigino cha buti, kisha akaendelea na safari yake. Hasemi kitu. Kusema ni kujitapa. Jirani naye akitoka asubuhi akaliona limesimama, haulizi ni nani; siku yoyote atakayoona bomba la moshi la mwenzake limelegea, atapanda na bisibisi yake, akaze, ashuke. Eino alilelewa hivyo, na baba aliyelelewa hivyo hivyo. Alipokwenda chuoni kusoma fizikia, aliichukua tabia ile pamoja na soksi za sufu na ule mkate wa iliki ambao mama yake aliufunga kwa taulo ili usikauke njiani.

Mwaka wa pili akaingia maabara ya Profesa Duquette. Huyu alikuwa mama mfupi mwenye nywele nyeupe, miwani yake kaifunga kamba ya kiatu na kuitundika shingoni, na stuli yake ya mbao alitembea nayo kama wengine wanavyotembea na mkoba. Aliwagawa wanafunzi watatu watatu, akawapa sharti moja: kabla hujamjibu mwenzako, mrudishie kwanza alichosema, kwa maneno yako wewe, mpaka mwenyewe akubali kuwa umemsikia. Ndipo ujibu. Wanafunzi walicheka mpaka wakaliita somo la kasuku. Kulikuwa na vijana wakipishana naye koridoni wanalia "kwaruu!", naye anawajibu "kwaruu" na kwenda zake.

Eino alipangwa na Itzel Barragán, binti wa St. Paul aliyekuja na kalamu za rangi saba na ulimi ambao haukuchoka, na Corwin Brandvold, mtoto wa wakulima wa viazi-sukari kutoka upande wa magharibi, mwenye mabega mapana na viganja vikubwa kama sahani. Kabla ya hao wawili, Eino alikuwa anakula peke yake kantini, kitabu kikiwa kimesimamishwa kwenye jagi la maji. Siku hizi Itzel alikuwa akimvuta mkono, "Njoo wewe bubu, kaa hapa," na Corwin anamsogezea kiti kwa mguu. Hakuwaambia hata siku moja kwamba anafurahi. Angesemaje?

Kazi yao ilikuwa kupima nguvu ya dunia ya kuvuta vitu. Walitundika tufe la chuma, zito kama tikiti dogo, kwa waya mrefu ulioshuka kutoka ghorofa ya tatu katikati ya ngazi hadi karibu na sakafu. Ukijua urefu wa waya, na ukijua tufe linachukua muda gani kwenda na kurudi, hesabu inakuletea jibu. Jumatatu, Itzel alipima waya kwa utepe. Jumanne, wakahesabu mizunguko, Corwin akiwa ameshika saa ya kubonyeza.

Lakini Jumanne hiyo Eino alikuwa amewahi kufika kuliko wenzake. Akaliona tufe linagusa mkeka wa mpira pale chini, kidogo tu, kama mtu anayeburuza ndala. Akapanda mpaka juu, akalegeza kibanio kilichoushika waya, akauvuta juu. Akaona kama ni kupandisha, bora apandishe ya kutosha, upana wa kiganja chake na zaidi, kisha akakaza. Akashuka amejaa raha kifuani, na wenzake walipofika aliwasaidia kuvua makoti.

Alhamisi alasiri wakakaa maabara, Itzel akamaliza hesabu, akaitupa kalamu ya zambarau mezani.

"Tisa nukta tisa saba! Dunia nzima ni tisa nukta nane, ila kwenye ngazi zetu sisi inavuta zaidi. Hongereni, jamani, tumegundua sayari."

"Angalia hesabu yako," Corwin akasema.

"Nimeiangalia mpaka inanijua jina. Tatizo ni kidole chako, bwana. Unabonyeza mapema."

"Kila mara? Sekunde ile ile moja, kila mara?"

"Basi una kidole chenye nidhamu."

Eino akacheka. Kisha akamwona Corwin hacheki, akaacha. Corwin alikuwa anavitazama viganja vyake vilivyolala mezani, kama vitu ambavyo mtu kavisahau pale.

"Siku naondoka nyumbani," Corwin akasema polepole, "kaka yangu aliniambia mikono hii ni ya koleo, hivi vyombo vya chuo vitanishinda. Basi kashinda yeye. Naenda ofisini sasa hivi kabla hawajafunga, nalifuta somo hili. Na fizikia yenyewe naiacha."

"Corwin, nilikuwa natania!"

"Hukuwa unatania."

Akasimama kuchukua koti. Hapo ndipo mguu wa stuli ulipogonga sakafu: Profesa Duquette alishafika na kukaa kati yake na mlango, miwani ikining'inia.

"Nani anaanza kurudisha?" akauliza.

"Profesa, tafadhali, si sasa," Itzel akasema.

"Wakati gani tena, mwanangu, mkishaachana? Anza wewe. Corwin kasema nini?"

Itzel akavuta pumzi. "Kasema amekasirika."

"Hujanisikia," Corwin akasema, koti mkononi.

"Kasema... nimemwambia hafai."

"Karibu."

Itzel akanyoosha mkono mezani. Akaiokota kalamu yake, akaifunga kifuniko. "Kasema alikuja hapa akiwa tayari na hofu kwamba hafai. Miezi yote hii alikuwa anangoja mtu amwambie. Na mimi leo ndiye nimemwambia."

"Hapo," Corwin akasema. "Hapo umenisikia."

"Zamu yako," Profesa akamwambia. "Itzel kasema nini?"

Corwin akakaa, koti mapajani. "Itzel anasema... Jumatatu tulipima waya, Jumanne tukapima muda. Anasema namba haikai pembeni bila sababu. Katikati ya siku hizo mbili kuna kitu kimesogea. Na kitu alichokiona karibu ni kidole changu."

"Mbona hata mimi sikujua kama nimesema hayo," Itzel akasema. "Lakini ndiyo. Hayo hasa."

"Eino," Profesa akasema, "turudishie ya wote wawili."

Eino alianza vizuri. Alisema Corwin anaogopa. Alisema Itzel anatafuta sababu. Akasema kati ya Jumatatu na Jumanne kuna kitu kimesogea, na neno lile lilipotoka mdomoni mwake mwenyewe, masikio yakamwaka moto. Aliona kibanio. Aliona mkono wake unauvuta waya.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa lile la kwao. Anyamaze tu. Jioni apande ngazi, aurudishe waya pale pale Itzel alipoupimia, anyanyue ule mkeka autupe pembeni, na kesho aseme wapime upya. Jibu litakuja sawa, kila mtu atafurahi, hakuna atakayejua. Mikono yake ilishaanza kuuona mpini wa bisibisi. Kisha akamtazama Corwin. Corwin naye ataona jibu limekuja sawa, na atasema nini moyoni? Atasema basi kweli kilikuwa kidole changu, Jumanne kilikosea, leo kimebahatisha. Ataondoka na hilo. Ataondoka nalo mpaka shambani kwao, na kaka yake atalipokea mlangoni.

Profesa Duquette alingoja. Alikuwa mtu wa kungoja yule mama. Alifuta kioo kimoja cha miwani kwa pindo la sweta, kisha cha pili.

"Mimi niliupandisha," Eino akasema.

"Ulipandisha nini?" Itzel akauliza.

"Waya. Tufe lilikuwa linagusa mkeka."

"Lini?"

"Jumanne. Kabla hamjafika."

"Kiasi gani?"

Eino akaonyesha kwa mikono. Itzel akaitazama ile nafasi katikati ya mikono, akaitazama karatasi, akaandika haraka haraka, akapiga kelele. "Eino Pelkola! Wewe! Nimepiga hesabu kwa urefu wa Jumatatu, kumbe umetuibia waya, halafu umekaa hapo kama mtakatifu wa kwenye dirisha la kanisa!"

"Sikujua! Haki ya Mungu sikujua mpaka nilipoanza kurudisha."

"Na kwa nini hukusema, hata Jumanne ile ile?" Corwin akauliza. Huyu hakuwa anapiga kelele, na ndiyo maana Eino aliona vigumu kumtazama.

"Kwetu hatusemi. Ukiona kitu cha mtu wako kimelegea, unakaza. Ukisema, ni kama unadai shukrani. Niliona... ni kitu chetu. Nikakitengeneza."

Corwin akafungua mdomo. Profesa akainua kidole kimoja tu.

"Kabla hujamjibu."

Corwin akaufunga. Akamtazama Eino, hasira bado ipo, lakini imeanza kutafuta mahali pa kukaa. "Anasema," akasema, "anatupenda. Kwa hiyo alitutengenezea kitu, halafu akanyamaza."

"Sikusema habari za kupenda!" Eino akasema.

"Umesema," Itzel akasema. "Mimi nimesikia. Profesa, hakusema?"

"Msiniulize mimi. Mwulizeni mwenye maneno."

Eino alikuwa mwekundu kutoka kwenye kola mpaka kwenye nywele. Alitazama meza, akatazama dirisha, na huko nje hapakuwa na wa kumsaidia, theluji tu. "Haya," akasema. "Hapo umenisikia."

Corwin akanyoosha kiganja chake kikubwa, akampiga nacho mgongoni mpaka akakohoa. "Na wewe nisikie. Siku nyingine ukigusa hata msumari, unapiga yowe. Jengo zima lisikie."

Itzel alishachukua utepe. Akasema hataki kubahatisha, watapima vyote upya, siku moja, watu wote watatu wakiwepo. Akapanda juu, Corwin akabaki chini na saa, Eino katikati ya ngazi.

"Nashika utepe," Eino akasema.

"Sisikii!" Itzel akaita kutoka juu.

"NASHIKA UTEPE! NAUNYOOSHA! SASA NIMEKAZA!"

Kijana mmoja aliyekuwa akishuka na vitabu vyake akageuka, akarudi kupitia ngazi za upande wa pili. Hawakumjali. Tufe likaachiliwa, likaenda, likarudi, halikugusa kitu.

Profesa Duquette akatokea mlangoni pale chini na stuli yake kwapani. "Corwin," akasema, "wale wa ofisini karibu watafunga."

Corwin hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye tufe, kidole chake kikubwa juu ya kitufe.

"Tisa," akasema. "Usinichanganye, Profesa. Kumi."