Kitanda cha Mkwe

Watu wa Ekerenyo walipomuuliza Bathsheba anaenda Italia kufanya nini, hakuwaambia habari za kutalii. "Naenda kumshika Ratemo," aliwajibu, nao wakaguna kwa heshima, kwa sababu Ratemo alikuwa mumewe na kaburi lake liko nyuma ya nyumba, pale majani chai yanapoanzia. Ratemo wa sasa alikuwa mtoto mchanga, kifungua mimba wa binti yake Valentine, na alipewa jina la babu yake kama ilivyo desturi. Bathsheba alitaka kumpakata na kumtazama kwa nafasi, aone kama kweli mzee amerudi. Hakuwa na haja nyingine huko. Tiketi ilikuwa ya wiki moja tu, kwa hiyo hakuwa na muda wa kuchezea.

Aliteremka Kisii mjini kwa Mariam, muuza makoti ya mitumba, akamweleza kwamba anakoenda kuna baridi. Mariam ni mfanyabiashara asiyemwacha mteja aondoke mikono mitupu. Alimvisha koti la manyoya lililofika kwenye visigino, lenye mabega ya kumtosha mtu na jirani yake. "Mama, hii ukivaa, baridi yenyewe itatafuta pa kujificha," alimwambia. Bathsheba alijitazama kwenye kioo, akajipenda. Kwenye sanduku akaweka unga wa wimbi wa uji wa mzazi, akasafiri.

Sasa, kuhusu mkwe. Pietro ni mfinyanzi. Alikuja Kisii kuona mawe ya kuchonga ya Tabaka, akamwona Valentine, na mawe yakasahaulika. Harusi ilifanyika Ekerenyo, na siku hiyo chinsoni haikumsumbua mtu. Chinsoni, kwa Wagusii, ni ile haya ya heshima iliyopo kati ya mama mkwe na mkwe: hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawalali chini ya paa moja, na chumba chenye kitanda cha mkwe, mama mkwe hakikanyagi. Kule Ekerenyo ni jambo rahisi. Ukimwona mkwe anakuja, unaingia kwenye migomba, anapita, unatoka. Bathsheba ni Msabato wa kuimba kwaya, anatuma ujumbe wa sauti kwa simu kama msichana, na mengi ya zamani ameyaacha bila kuyalilia. Hili hakuliacha. Mke wa Nyakundi aliwahi kuingia chumbani kwa mkwe wake kufuata sufuria, tena sufuria yake mwenyewe, na mpaka leo wanawake wakikutana kwenye kituo cha kuuzia majani chai habari hiyo bado ina moto.

Pietro, aliyekuwa amefundishwa akafundishika, hakwenda uwanja wa ndege. Alimtuma jirani mwenye gari. Wakapanda milima mpaka Montecoccio, mji wa kale uliokaa juu kabisa ya kilima, nyumba zake za mawe zimebanana bega kwa bega. Bathsheba aliteremka, akatazama bonde lililokuwa chini, akashusha pumzi. "Ah, si hii ni Manga tu," alisema, akikumbuka kilima cha kwao. "Wameijaza mawe."

Lakini alipoingia ndani ya mji aliona kasoro kubwa. Vichochoro vilikuwa vyembamba kiasi kwamba koti la Mariam lilifagia kuta za pande zote mbili. Na hapakuwa na mgomba hata mmoja.

Nyumba ya Pietro ilikuwa na karakana chini, yenye meza za udongo na tanuri, na ngazi ya mawe iliyopanda kwenda juu. Huko juu ndiko Valentine alikokuwa, na sauti yake iliteremka ikimkimbilia mama yake. "Mama! Umefika! Panda, panda, mimi siwezi kushuka, nilipasuliwa, daktari amenikataza ngazi!"

Bathsheba aliweka mguu kwenye kidato cha kwanza, kisha akausimamisha hapo. "Pietro analala wapi?"

"Ni chumba kimoja, Mama. Jikoni, kitanda, kila kitu."

"Basi sipandi."

"Mama! Ametoka, ameenda kujificha tangu asubuhi!"

"Yeye ametoka. Kitanda yake imetoka?"

Valentine akajaribu njia nyingine. Ng'ambo ya kichochoro aliishi nyanya yake Pietro, ambaye mji mzima humwita Nonna, yaani bibi. Bathsheba angelala huko. Pietro angemchukua mtoto, amlaze kitandani kwa Nonna, aende zake, kisha Bathsheba aingie.

"Yaya!" Bathsheba alikataa kwa Ekegusii, kwa sauti iliyofungua madirisha mawili. "Kitovu imeanguka?"

"Bado."

"Basi mtoto hatoki nje. Na huu upepo wote!"

"Lakini Mama, alizaliwa hospitali, ameletwa hapa kwa gari!"

"Hiyo ilikuwa ya daktari. Hii ni yangu."

Hivyo ndivyo mwanamke aliyevuka jangwa na bahari alivyojifungia mlango kwa kufuli mbili, zote za kwake, akabaki nje akitetemeka ndani ya koti. Usidhani hakuumia. Aliposikia kitoto kikilia kule juu, kilio chembamba cha kutafuta ziwa, alijishikilia ukutani. Lakini mguu haukupanda.

Nonna alikuwa ajuza mdogo wa mwili, magoti yake yalikwisha kustaafu. Alimpa Bathsheba kitanda chembamba karibu na dirisha, na kutoka hapo kichochoro kilikuwa chembamba mno hata mtu angeweza kumpokeza mwenzake chumvi. Valentine aliketi kwenye dirisha lake, mtoto mikononi. Bathsheba aliona kofia na blanketi. Kofia ilipogeuka, aliona kofia kwa upande wa pili.

"Mfunue kidogo!"

"Si umesema upepo?"

Ili asilie mbele ya watu Bathsheba alianza kuusema mji. Mji wenyewe ulikuwa ufinyanzi mtupu: nambari za nyumba zimechorwa kwenye vigae, ngazi za kanisa zimepambwa vigae vya buluu na manjano, na sahani nzuri kuliko zote za Nonna zilitundikwa ukutani. "Sasa hizi sahani wageni wanakulia saa ngapi?"

"Hawakulii, Mama. Ni za kuangalia."

Bathsheba, ambaye kabati lake Ekerenyo lina vikombe visivyowahi kuguswa na mdomo wa mtu tangu aolewe, alisema maishani hajaona upuuzi kama huo.

Asubuhi iliyofuata alijikaza, akatoka kwenda kununua maziwa. Alikuwa katikati ya kichochoro alipoona viatu vikija, viatu vyenye madoa ya udongo mweupe. Alivijua tangu harusini, maana ndivyo alivyoruhusiwa kuvitazama. Migomba iko wapi? Akaona mlango ulio wazi mkono wa kulia, akachupa ndani. Pietro naye, mwanafunzi mwema, akachupa mlango wa kushoto, ambao kwa bahati yake ulikuwa wa kinyozi.

Mlango wa kulia ulikuwa wa duka la vyombo. Bathsheba aliingia salama, koti ndilo lililochelewa. Alipogeuka kuchungulia kama mkwe amepita, bega la kulia la koti la Mariam lilifagia rafu ya mabakuli, na alipogeuka kuyadaka, bega la kushoto likaangusha mitungi. Kisha, baada ya kimya kifupi cha kutisha, sinia kubwa lenye picha ya jogoo lilijitoa ukutani lenyewe na kuja chini kuungana na wenzake.

Mwenye duka, mama mnene mwenye miwani, alitoka nyuma akiwa ameshika kichwa. Bathsheba alisimama katikati ya vigae akitamani ardhi immeze. Pietro aliposikia kishindo alitaka kuja kusaidia, akakumbuka hawezi, akabaki mlangoni kwa kinyozi na kufafanua mambo akiwa ameupa mgongo mlango wa duka. Alieleza kwa sauti kubwa kwamba huyu ni mama mkwe wake, kwamba kwao mama mkwe akimwona mkwe hukimbia, na kwamba hiyo ni heshima.

Mwenye duka alivua miwani. "Anakukimbia wewe?"

"Ananikimbia mimi."

"Na hawezi kuingia chumbani kwako?"

"Kamwe."

Mama yule alimtazama Bathsheba kutoka utosini hadi kwenye upindo wa koti, akaketi kwenye kigoda, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alikataa fidia, akamkataza Bathsheba hata kushika ufagio. Ilipofika jioni mji wote ulikuwa na habari. Wanaume walimzunguka Pietro mkahawani wakitaka kujua huko Kisii kunafikika vipi, na kama kina mama wa namna hiyo wamebaki wengi au wamekwisha. Hata padri aliuliza, kwa niaba ya kaka yake.

Kuanzia hapo Montecoccio ikaishika chinsoni kuliko Wagusii wenyewe. Pietro akitoka nyumbani, dirisha la kwanza lilipiga kelele "Pietro!", la pili likapokea, na sauti ikamtangulia kichochoroni mpaka Bathsheba, popote alipo, apate pa kujibanza. Alikaribishwa kwenye karakana, kwenye maduka, mara moja nyuma ya altare. Kila mahali mtu alimshikia pindo za koti. Kwa kweli alianza kufurahia. Usiku tu ndipo furaha ilipomwishia, taa ya ng'ambo ikiwaka na kivuli cha Valentine kikienda na kurudi kikibembeleza. Siku zilikuwa zinayeyuka. Kitovu kilikuwa kimeng'ang'ania. Jumamosi alisali, akamwambia Mungu waziwazi kwamba kesho kutwa anapanda ndege, na kwamba akirudi bila kumshika Ratemo hajui atawatazama vipi wanawake wa kwaya, wala lile kaburi.

Jumapili asubuhi Valentine alitokeza dirishani. Uso wake ulikuwa wa mtu anayezuia kicheko. "Mama, Pietro ana swali. Yuko chini, amekupa mgongo. Anauliza, kile unachokikimbia huku juu ni yeye, au ni kitanda?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Bathsheba swali kama hilo. Kwao hayo hayaulizwi, yanajulikana tu. Alifikiri kwa muda, Nonna naye akimtazama kama anayesubiri matokeo ya uchaguzi.

"Ni kitanda," alisema mwishowe. "Mtu anaweza kutoka. Kitanda inabaki imelala hapo, inasema hii ni kwake."

Valentine alitafsiri. Chini, viatu vyenye madoa viliondoka mbio.

Kitanda chenyewe kilikuwa cha mti mzito, babu yake Pietro alikiundia humohumo chumbani, na kwa ngazi ile hakingepita hata kwa maombi. Lakini chumba kile zamani kilikuwa ghala la kukaushia vyombo, na dirisha lake lilikuwa pana kama mlango, na juu yake palikuwa bado na kapi la kupandishia magunia ya udongo. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Waliona kamba, wakavua makoti. Padri akashika mkia wa kamba, kinyozi akatoa amri ambazo hazikuombwa, na mwenye duka la vyombo akasimama mlangoni pake mikono imetandazwa, akiapa kwamba safari hii hakuna kitakachoingia.

Kitanda kilitokeza miguu kwanza. Kilining'inia juu ya kichochoro, kikazunguka polepole, kikagonga ukuta wa Nonna, kikatulia. Wanawake walipiga yowe, kisha wakapiga makofi. Kiliposhuka kiliingizwa mlangoni kwa Nonna, na kile chembamba cha Bathsheba kikapanda kwa kamba ileile kwenda kwa Valentine. Mwisho Pietro akapita na mto wake kwapani, akiwa amegeuza uso ukutani, akaingia kwa nyanya yake kama mvulana aliyerudi kutoka shule ya bweni.

Sasa chumba cha juu kilikuwa cha Valentine, na Valentine ni mtoto wa Bathsheba. Alivua koti. Alipanda ngazi kidato baada ya kidato, na watu waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza bila kuambiwa. Aliketi. Valentine akamwekea mtoto mapajani, akamtoa kofia.

Bathsheba aliinama. Alimtafuta Ratemo. Aliangalia paji la uso, halikuwa lake. Aliangalia masikio, pua iliyochongoka, kidevu chenye kishimo katikati. Aligeuza kile kichwa kidogo kwenye mwanga, taratibu, huku na huku. Machozi yalikuwa yanashuka na hakujisumbua kuyafuta.

"Mama, usihuzunike," Valentine alisema. "Najua ulitaka afanane na Baba. Lakini huyu ni Pietro mtupu. Kila mtu anasema."

"Ni Pietro huyu?"

"Kama wamechapwa."

Bathsheba akamwinua mtoto mpaka macho yao yakawa sawa, akamkazia macho usoni jinsi ambavyo hakuna desturi inayokataza, akaanza kusema naye kwa Ekegusii, polepole, sauti ya mtu mzima anayezungumza na mtu mzima. Alimwambia kwamba amefurahi kumwona hatimaye. Akamwambia kwamba ana uso mzuri, wa mtu asiye na hila. Akamshukuru kwa kumtunzia binti yake katika nchi ya mbali, akasema amelala usingizi mbaya miaka yote hii kwa kutomjua.

Mtoto alipiga mwayo. Valentine alisimama, akashikilia tumbo lake lenye mshono, akaenda dirishani. Ng'ambo, Pietro alikuwa amekaa kwenye kitanda chake amewapa mgongo. Bila kuombwa na mtu, Valentine alianza kumtafsiria, neno kwa neno, kwa sauti ya kufika.