Foleni ya Kwenye Kioo

Jumanne saa nane mchana msusi alikuwa anaosha vitana kwenye beseni la njano. Saluni nzima walikuwa wawili tu, yeye na wifi yake, ambaye alikaa kwenye kiti cha wateja akipaka rangi kucha za mguu wa kushoto. Benchi lilikuwa tupu. Kwenye kioo, benchi hilohilo lilikuwa na watu saba.

Mlango ukafunguliwa. Dada mmoja akaingiza kichwa, akatazama kioo, akahesabu kwa kidole.

"Foleni yote hii? Hapana, nina haraka. Nitapita kesho."

Akafunga mlango. Alikuwa wa nne tangu asubuhi.

"Hiyo kesho yake haifiki," wifi alisema.

Mtaa ule wa zamani ulikuwa unafufuliwa. Kuta zilipakwa rangi upya, taa za chuma zikasimamishwa, na vyumba vya chini wakapewa wafanyabiashara kwa majaribio ya miezi mitatu. Sharti lilikuwa moja: saluni ipate vichwa kumi kwa siku, la sivyo chumba apewe mwingine. Msusi aliacha kazi ya kufua mashuka hotelini kwa ajili ya chumba hiki, na kule nafasi yake ilishachukuliwa. Ijumaa hiyo bwana wa ukarabati, aliyekuwa anahesabu vichwa, angekuja kwa mara ya mwisho. Tangu Jumapili msusi hakuwa akila vizuri.

Kioo alikikuta ukutani, kikubwa kama kitanda, kimebandikwa karatasi: KITU CHA KALE. KISIONDOLEWE, KISIFUNIKWE. Watu wa ndani yake walikuwa wapole. Mzee mmoja alisinzia. Mama mmoja wa gauni la kijani alikuwa anafumua nywele zake taratibu, kama mtu anayejua zamu yake itafika.

"Tuwahudumie basi, waondoke," wifi alisema. "Kuliko kukaa tunatazamana hivi."

Msusi akafuta kiti. "Anayefuata," akaita.

Kwenye kioo mzee akazinduka, akaja, akakaa. Kiti cha huku kikabonyea kidogo. Msusi akawasha mashine, macho kwenye kioo, mikono hewani, na mikono ikakuta kichwa. Nywele nyeupe zikaanguka sakafuni. Wifi akazifagia.

"Ana mba," alisema.

Mpaka jioni wote saba walikuwa wamemalizwa. Jumatano asubuhi kioo kilikuwa na watu kumi na saba, wengine wamesimama. Wale wa jana walikuwepo, wamependeza, wamekuja na ndugu zao.

"Umewatengeneza vizuri mno," wifi alisema. "Kosa lako hilo."

Alhamisi yule mama wa gauni la kijani aliingia kwa mlango, kwa miguu yake, viatu vina vumbi. Kichwani alikuwa na mistari ileile ambayo msusi aliisuka Jumanne.

"Ndiyo wewe?" akauliza. "Juzi naosha vyombo, nasikia kichwa kinavutwa. Nikasema, huyu ana mkono mzuri, lazima nikamsalimie."

Alisema aliishi ghorofa ya juu miaka thelathini, mpaka ukarabati ulipoanza wakahamishwa wote. Sasa anakaa mwisho wa mji, mabasi mawili. Kule akijitazama kwenye kioo anaona kitanda na ukuta tu.

"Si umchukue mwende naye?" wifi akamwonyesha yule wa kwenye benchi la ndani ya kioo.

"Nimemwambia twende nyumbani. Anasema yeye hajahama."

Mama akarekebisha kola yake. Yule wa kwenye kioo naye akarekebisha yake, kwa heshima tu. Halafu mama akaondoka mapema, asije akakosa basi la pili.

Ijumaa bwana wa ukarabati alikuja na fomu yake.

"Leo vichwa vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Viko wapi?"

Msusi akaonyesha kioo. Bwana akatazama. "Shikamoo, mzee," akasema, na kwenye kioo midomo ya mzee ikaitikia. Kisha akamgeukia msusi.

"Hawa tulishawahesabu, mama. Wako kwenye orodha ya waliohamishwa. Mtu mmoja siwezi kumhesabu mara mbili."

"Lakini nywele zao umezikanyaga hapo."

Bwana akainua kiatu, akaangalia, akakishusha pembeni kidogo. "Kwenye fomu sina sehemu ya nywele."

"Niongezee hata wiki mbili."

"Jumatatu anaingia muuza picha. Picha za mtaa huu ulivyokuwa zamani. Funguo utaniletea asubuhi."

Alipotoka, msusi akaenda kwenye kioo afunge vizuri kitambaa chake cha kichwa. Pale aliposimama hapakuwa na mtu. Akajitafuta. Akajikuta mwisho wa benchi, pochi mapajani, na yule mama wa gauni la kijani amesogea kumpisha.

"Umejiona?" wifi akauliza.

"Nimejiona."

"Na hizo nywele hazijasukwa, wifi yangu. Msusi mzima."

"Mbele yangu kuna watu tisa."

Wifi akaangalia saa, akachukua ufagio. "Basi tuwahi."

Msusi akafuta kiti, akaita anayefuata.