Mfuko wa Yerba Unapumua

"Mfuko unapumua, Fermín. Njoo uone."

"Nimeshauona."

"Basi tuupe jina kabisa, tuupeleke kubatizwa."

Fermín Oviedo hakucheka. Alisimama kando ya meza, mkononi kibuyu cha mate, ile chai ya majani ya yerba inayonyonywa kwa mrija, akiutazama mfuko wa majani hayo ambao Nélida Bustos alikuwa ameubandika kihisi cha kupima pumzi za watoto njiti. Kwenye kioo, mstari wa kijani ulipanda na kushuka kwa utulivu, kama wa mtoto aliyeshiba akalala. Taa ya hatari haikuwaka.

Nje ya karakana yao, gari lilikuwa linapakiwa vifaa kama hicho. Sita vilishatangulia, na sasa vilikuwa vifuani mwa watoto katika hospitali moja ya milimani, nje ya mji wa Córdoba.

"Ni kelele tu za umeme ndani ya chipu," alisema Fermín.

"Najua ni kelele. Kifaa chetu ndicho hakijui."

Pumzi ya njiti ni kitu kidogo mno. Kikuzaji kilicho ndani ya chipu huikuza mara elfu, na makosa yake chenyewe hukuzwa pamoja nayo. Nélida alikuwa ameandika programu ya kudhibiti hilo. Kwanza chipu iliunganisha njia zake mbili za kuingizia ishara, ikajipima pasipo kitu, na kosa lililoonekana likaondolewa kwenye hesabu. Kisha redio ikanyamazishwa, chipu nzima ikalala, na kipimo kikachukuliwa katika ukimya huo. Ilikuwa kazi ya polepole, lakini haikudanganya.

Nélida alipokwenda mji wa Río Cuarto kumwuguza mama yake, Fermín aliing'oa programu hiyo. Wanunuzi walitaka kuona mstari kwenye simu zao bila kukatikakatika, kwa hiyo redio ikaachwa ikituma muda wote, ubavuni mwa kikuzaji. Kila ilipotuma, mstari uliruka. Fermín akaulainisha mruko ule mpaka ukafanana na pumzi.

"Uliniambia umebadilisha rangi za kioo tu," alisema Nélida.

"Ningekuambia ukweli ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Umeona? Wewe ungetuchelewesha mpaka tufe njaa." Akajaza maji ya moto, akamsogezea kibuyu. "Kunywa, komadre. Wiki ijayo tunatuma programu yako ya zamani kwa mtandao. Nani atajua?"

"Na mtoto akikata pumzi kesho?"

"Wauguzi si wapo?"

"Wauguzi wanatazama mstari wetu. Ndiyo maana walituamini, mpumbavu wewe."

Nélida alikirudisha kibuyu bila kunywa. "Asante," alisema, akachukua simu.

Fermín akakiweka kibuyu mezani. Walikuwa wamenyonya mrija mmoja wa kibuyu tangu chuoni, na hapo mezani hakuna aliyesema asante ila aliyekwisha kutosheka na hataki kupewa tena.

"Sikuiti komadre bure; mimi ndiye baba wa ubatizo wa Malena," alisema. "Na Malena ndiye yuko pale nje anafunga maboksi. Ukipiga simu hiyo, hakuna hospitali itakayonunua hata waya kwetu. Utamwambia nini binti yako?"

"Kwamba hana kazi."

Alikwisha kubonyeza namba. Muuguzi mkuu wa hospitali ile aliitika haraka.

"Zulema, ni Nélida wa Córdoba. Wavue watoto wote vihisi vyetu, sasa hivi."

"Vina nini? Mistari yote iko vizuri."

"Itakuwa vizuri hata mtoto akiwa hapumui. Weka mtu kando ya kila kitanda. Kosa ni letu, nitaliandika na kutia sahihi."

Kisha sauti ya Zulema ikabadilika, ikawa ya mtu asiyekujua. "Usikate."

Nélida alisikia viatu vya Zulema vikikimbia. Akaziba simu kwa kiganja, akaenda mlangoni, akamwambia binti yake ashushe mzigo wote.