Sura ya Tisa Ilivyotugombanisha

Mimi ni fundi wa makochi. Shule niliiacha darasa la tano na wala sikuikumbuka sana. Karakana naiendesha na shemeji yangu, kaka wa mke wangu: yeye anakata sponji, mimi navalisha kitambaa. Miaka kumi na sita tumebanana kwenye chumba ambacho kochi la watu watatu likiingia, mmoja wetu anatoka nje.

Mwezi uliopita tukapata ukumbi mkubwa barabara kuu. Mwenye jengo akataka jibu kufikia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Shemeji alikuwa tayari hata kuhamia siku ileile. Mimi nilisita, niliona tunapanda juu mno. Binti yangu, ambaye ni mwalimu, akaniletea riwaya nene ya zamani, jalada limechakaa. "Baba, soma hii kwanza ndipo uamue."

Basi nikawa nasoma kila nikisubiri gundi ikauke. Ni habari za mtoto wa mtengeneza mishumaa aliyepania kuwa tajiri, na kweli akawa. Shemeji hasomi, ila masikio anayo. Kila siku: "Enhe, jamaa kafika wapi?" Nami namsimulia huku napiga stepla. Jamaa aliponunua kiwanda cha kwanza, shemeji alipiga makofi kama kanunua yeye.

Alhamisi tukafika sura ya tisa, nikamsomea kwa sauti. Humo yule tajiri anamfukuza mshirika wake, mtu aliyeanza naye tangu mshumaa wa kwanza. Anamwachia barua tu mezani, hata kuonana naye hataki.

Shemeji akaweka kisu chini. "Barua?"

"Barua."

"Na wewe hadithi hii unaipenda?"

"Nzuri sana."

"Sasa nimeelewa. Mwanao kakuletea kitabu cha kukufundisha namna ya kuniondoa. Ukumbi mkubwa, shemeji kwaheri!"

"Una wazimu? Hii ni hadithi."

"Mbona pale umesoma polepole, kama mtu anayekariri?"

"Nasoma polepole kote! Niliishia darasa la tano!"

Hakucheka. Akachukua koti lake akaondoka, na Ijumaa hakuja. Nikajaribu kukata sponji mwenyewe. Mto ukatoka na nundu kama ngamia. Mke wangu akanipasulia ukweli: "Usipomrudisha kaka yangu, huo ukumbi utauza nini? Nundu?"

Nikakaa juu ya huo mto wenye nundu nikamaliza kitabu. Binti yangu anasema wasomi wote wamekubaliana kwamba kinatuonya tusitamani makuu. Mimi nakataa. Mwishoni yule tajiri anakula peke yake kwenye meza ya viti kumi na viwili. Kosa lake si viti. Mtu akitaka viti kumi na viwili namtengenezea, tena kwa furaha. Kosa lake ni ile barua. Tangu siku aliyoiandika hakubaki na mtu wa kumwambia, "Hapo umechemsha, bwana."

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa shemeji. Nikamkuta na kikombe cha chai, kanuna.

"Umeleta barua?"

"Nimekuja mwenyewe. Vaa viatu, tunaenda kusaini."

Kwenye mkataba palikuwa na nafasi ya jina moja tu la mpangaji. Mwenye jengo akanitazama mimi. Nikaichukua kalamu nikamsukumia shemeji.

"Andika lako."

"Langu?"

"Lako. Halafu unifukuze ukitaka."

Akaandika taratibu, ncha ya ulimi nje, jasho likimtoka kipajini. Alipomaliza aliangalia jina lake muda mrefu, kama anayetafuta kasoro kwenye mshono.

Tulipotoka nje alikuwa ameshabadilisha mwendo. Kifua mbele, mikono nyuma.

"Sasa shemeji," akasema, "mle ndani nitahitaji meza yangu karibu na dirisha. Na kiti kizuri, chenye mikono. Na wateja wakija, waanzie kwangu."

"Hiyo ni sura ya tatu," nikamwambia.

"Enhe? Na ya nne alifanya nini vile?" akauliza, akizidi kukaza mwendo.