Nusu Dozi ya Bi Somoe

Mfaume hakuwahi kuona sahani ikapakuliwa nusu akanyamaza. Tangu kaka yake afariki, alijipa kazi ya kumsemea mjane, iwe harusini au hospitalini. Basi Bi Somoe wa Mtoni alipoandikiwa siti skani ya mishipa ya mguu, shemeji huyo ndiye aliyetangulia mlangoni, na kofia mpya kichwani.

Mguu wa kushoto ulikuwa ukifa ganzi, na ilibidi ionekane damu imezibwa wapi. Lakini figo za Bi Somoe zilishachoshwa na kisukari. Daktari hakumficha: ile dawa ya kung'arisha mishipa kwenye picha ikizidi, figo zinaweza kulala moja kwa moja. Wiki nzima sijida zake zilikuwa ndefu.

"Shikamoo mama," alisema Gozbert, mpiga picha. "Leo nakuchoma dawa nusu ya ile ya kawaida. Na mionzi nimeipunguza. Mashine hii inaona hata kwa kidogo."

Mfaume akaruka. "Nusu? Mjane ndiye wa kupunjwa?"

"Si kupunja, mzee. Ni figo zake..."

"Mie nawajua nyie! Nusu ya pili inakwenda wapi? Mpe dozi kamili, na mionzi yake yote! Marehemu kaka yangu hakuwa mtu wa nusunusu."

Wagonjwa kwenye benchi wakamuunga mkono. Mmoja akaapa kuwa yeye alichomwa ya kutosha, akasikia joto la dawa hadi kwenye kucha. Jirani yake, asikubali kushindwa, akasema yeye alilisikia hadi kwenye kanga.

Gozbert akatoa karatasi ya ridhaa. Mfaume alishachomoa kalamu. Bi Somoe akaacha tasbihi, akanyoosha mkono, akamnyang'anya kalamu taratibu.

"Shemeji, juzi mchuzi wangu uliusifu."

"Nikaomba tena!"

"Chumvi nilitia kwa vidole au kwa ngumi?"

Mfaume akarekebisha kofia yake.

"Basi. Figo ni zangu. Bismillahi, mwanangu, tia ya vidole."

Akaandika jina lake herufi mojamoja, kama alivyofundishwa darasa la pili.

Picha ikatoka. Pale nyuma ya goti, mshipa ulioziba ulionekana wazi. Mfaume akaitazama kwa masikitiko.

"Ingekuwa dozi kamili," akasema, "tungeona mpaka nia ya huo mshipa."

Alasiri, barazani, akawasimulia wanaume alivyopigana mpaka dawa ikaongezwa. Ndani, wanawake waliokuja kumpa pole Bi Somoe waliulizia joto la dawa.

"Kama maji ya udhu yaliyosahauliwa juani."

"Masikini, wamekupunja!"

Bi Somoe hakubisha. Alimaliza bilauri ya maji aliyoagizwa na Gozbert ili dawa itoke, akanyanyuka kwenda msalani, mara ya nne tangu adhuhuri. Figo zilikuwa kazini. Akiwa bado nje ya mlango akasema Alhamdulillah, kisha, kama ilivyo adabu ya kuingia chooni, akatanguliza mguu wa kushoto, uleule wa kwenye picha.