Laptop Iliyoota Mvi

Salmini aliniambia nichukue nyeusi. Nalisema hilo mapema, mtu asije akamlaumu bure.

Salmini ni fundi wa kompyuta pale Shinyanga mjini. Anauza laptop zilizotumika, na zikiharibika anazitengeneza mwenyewe. Mimi nilitaka moja ya kukaa nayo nyumbani, niwe nachapa mitihani ya shule za kwetu, maana tangu nijifungue nilikuwa nimechoka kukaa tu namsikiliza mama mkwe. Akaniwekea mbili mezani. Moja nyeusi, ya plastiki, nene kama tofali, herufi nyingine zimeshafutika. Ya pili rangi ya fedha, nyembamba, inang'aa hadi unajiona. Roho yangu ikaenda palepale.

"Mama Lusia, wewe unakaa Mwakitolyo," akaniambia. "Kule karasha zinasaga mawe kutwa, vumbi haliishi. Hii nyeusi ikijaa vumbi naifungua kwa bisibisi moja, nasafisha feni, unaondoka nayo. Hiyo nyingine kuifungua ni shughuli. Halafu bodi lake ni aluminiamu, likikwaruzika limekwaruzika."

"Aluminiamu ndo nini?"

"Si hiyo ya sufuria zako?"

"Basi sufuria zangu zinakaa motoni kila siku na hazijafa," nikamjibu. Akacheka, akainua mikono juu. Mimi nikishapenda kitu sishauriki, hata mume wangu Mabula anajua.

Ila sikuichukua kwa pupa. Nilibonyeza herufi zote moja moja, nikafungua na kufunga kioo kuona kama bawaba zimelegea, nikachomoa chaji tukakaa tunapiga soga mpaka nikaridhika kwamba betri inashuka taratibu, haiporomoki. Wakati ananifungashia, Salmini akanipa onyo. "Ukiifuta, tafuta kitambaa cha pamba, kile laini kuliko vyote ulivyo navyo. Nikisikia umeifuta na dekio nitakununia."

Sasa kitambaa laini kuliko vyote nyumbani kwetu kilikuwa cha mwanangu Lusia. Ni kipande cha kanga niliyompokelea siku anazaliwa, imefuliwa na kufuliwa mpaka imelainika kabisa. Lusia ndiyo kwanza anatambaa, na anatambaa nacho kinywani kama paka aliyebeba kitoto. Bila hicho halali. Siku nikikifua anakaa chini ya kamba analia mpaka kikauke.

Na mume wangu anachimba dhahabu. Ana duara na wenzake, yaani shimo la kuchimbia, wanashuka chini kwa kamba, wanatoa mawe, yanasagwa. Unga wa mawe unachanganywa na zebaki, wenyewe wanaita makyuri, inaikamata dhahabu inakuwa donge. Donge wanalikamulia kwenye kitambaa zebaki ichuruzike, halafu wanalichoma ili ile iliyobaki iende na moshi. Nilipokuwa na mimba, nesi wa kliniki alitukalisha akina mama akatuambia moshi ule ni sumu, na kwa mtoto mchanga ni sumu mara mia, unamwingia kichwani, unamwingia kwenye figo. Nilirudi nyumbani nikamsimamia Mabula mlangoni. Nikamwambia, makyuri isivuke kizingiti changu. Akaapa. Kwa jina la marehemu baba yake akaapa.

Kwa hiyo Lusia alipoanza kuumwa, sikufikiria huko hata kidogo.

Mtoto alikuwa hana raha. Analia kutwa, anatoka jasho amelala kivulini, na viganja vyake na nyayo vimekuwa vyekundu kama vya mtu aliyeshinda anatwanga pilipili, ngozi inabanduka. Zahanati walinipa dawa ya kupaka. Nikasema ni joto tu. Mama mkwe, ambaye tunakaa naye, hakusema joto. Asubuhi hata salamu ya mwangaluka haijaisha, ananiambia, "Mayu, huyu mtoto amechezewa. Watu wameona Mabula anapata." Nikawa namjibu kwa ukali, mimi nasali, hayo mambo sitaki kuyasikia kwenye nyumba yangu. Lakini nilikuwa naogopa jamani, nisiseme uongo. Nilikuwa namvua mtoto nguo namkagua mwili mzima, sijui hata natafuta nini.

Jumamosi moja asubuhi laptop ikaanza kunguruma. Feni inalia kwa nguvu, na chini pa moto mpaka nikaitoa mapajani. Nikampigia Salmini.

"Vumbi hilo," akasema. "Izime, chomoa chaji, pulizia yale matundu ya pembeni, uifute vizuri. Ikiendelea niletee."

Mama mkwe alikuwa anamwogesha Lusia uani. Kitambaa chake kilikuwa kitandani. Nikakichukua, nikafuta kioo, nikafuta kibodi, nikashuka pale pa kupitishia kidole. Nikasikia kitu kinakwaruza, kama mchanga. Nikainama kuangalia: mikwaruzo, midogo midogo, imejipanga. Nilitukana peke yangu. Kitambaa nimekifua kwa mikono yangu, mchanga umetoka wapi? Nikakikung'uta, nikakiweka pembeni, na Lusia alipoletwa kutoka kuoga akakidaka akakitia mdomoni.

Nikasonga ugali, tukala. Nikarudi kwenye laptop yangu.

Ilikuwa imeota nywele.

Nyeupe. Zimesimama kwenye ile mikwaruzo, fupi, nyembamba, kama mvi kwenye kidevu cha mzee. Nilidhani ni pamba imenasa, nikapuliza. Zikaanguka, zikawa unga. Nikasema asante Yesu. Nikageuka kumtoa Lusia kwenye ndoo ya maji, nikarudi, zipo tena. Nikakaza macho. Zinaota huku naziona! Zinajisukuma kutoka ndani ya bodi polepole, na laptop nimeizima, chaji nimechomoa, haina uhai wowote. Nikagusa pembeni yake kwa ncha ya kidole. Pana joto.

Ukelele nilioutoa sijui ulitokea wapi.

Mama mkwe akaja mbio na mwiko mkononi. Akaangalia, akajishika mdomo. Halafu, sijui nguvu alizipata wapi, akaibwaga laptop sakafuni, akaifunika na beseni la plastiki, na juu ya beseni akaweka jiwe la kusagia, eti isitoke.

"Nilikwambia! Walianza na mtoto, sasa wamekuja mpaka kwenye mashine!"

Nilikuwa nimewahi kupiga picha, nikamtumia Salmini. Akapiga muda huohuo.

"Mama Lusia, hii nini umenitumia?"

"Si laptop yako!"

"Sikia. Mimi nimefungua laptop mpaka basi. Nimekuta mende, nimekuta sisimizi wametaga, nimekuta betri imevimba kama andazi. Hiki sijawahi kukiona. Halafu samahani dada yangu, usiniletee dukani kwanza."

Akakata. Fundi, mtu wa bisibisi na waya, ananikatia simu kwa woga! Nilimbeba Lusia nikatoka naye nje, nikakaa uani juani, mgongo nimeupa ukuta wa jirani ili nyumba yangu niione yote. Mtoto kichwa chake begani kwangu, ananyonya kitambaa chake, jasho linamtoka. Mama mkwe akasimama mbele yangu. Anamjua mganga wa kule Ushetu, akasema, anatoa vitu vya namna hiyo, tumpigie kabla jua halijazama. Mimi, niliyekuwa nabishana naye kila asubuhi, nikausikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Mpigie."

Yeye akampigia mganga wake, mimi nikampigia Mabula. "Njoo. Mimi humo ndani siingii tena."

Alifika kwa bodaboda, tope la duarani bado liko magotini. Nilipomweleza akacheka. "Laptop imeota mvi? Si nilikwambia ununue mpya." Hata mimi nilitaka kucheka. Nilimsubiri aingie, atoke aniambie ni fangasi, ni unyevu, ni ujinga wangu, chochote kile. Akaingia. Akaliondoa jiwe, akainua beseni. Mimi na mama mkwe tumesimama mlangoni.

Zilikuwa zimekuwa ndefu. Na chini yake bodi limelika, pana kitundu.

Mabula hakuruka, hakupiga kelele, hakuuliza ni nini. Hilo ndilo lililonitisha kuliko nywele zenyewe. Alichuchumaa akaangalia kama mtu aliyekutana na anayemfahamu.

"Uliifuta na nini?" Sauti chini.

"Kitambaa."

"Kitambaa kipi, Asteria?"

Mabula haniiti jina. Tangu Lusia azaliwe mimi ni Mama Lusia. Nilimwonyesha kwa kidevu tu, maana mikono ilikuwa imembeba mtoto.

Alinyanyuka akakichomoa kinywani mwa Lusia kwa nguvu mpaka mtoto akapiga yowe. Akakitupa nje, akamfuta mwanangu midomo kwa kiganja, akakiangalia kiganja chake chenye tope, akaacha. Akaniuliza bodi la laptop ni la nini.

"Aluminiamu. Ile ya sufuria."

Akakaa chini, palepale kizingitini.

"Kule mwaloni, tunakooshea dhahabu, hatutumii sufuria," akasema. "Mchimbaji yeyote anajua. Makyuri ikiingia kwenye sufuria iliyokwaruzika inaiotesha hayo manyoya, mwisho inatoboka. Ndiyo maana tunabeba mabeseni ya plastiki."

Nilimwelewa. Nilimwelewa vizuri sana, lakini nikauliza. "Makyuri imefikaje kwenye kitambaa cha mwanangu?"

Hakunitazama mimi, alimtazama mama yake. "Mama alinikataza kukamulia mwaloni. Kule kila mtu anakodoa macho aone donge lako limetoka kubwa kiasi gani. Akasema watatuloga, watamloga mtoto. Nikawa nakamulia humu chumbani, ukienda kanisani. Kinatakiwa kitambaa laini, chenye nyuzi zilizobanana, kisipitishe dhahabu." Akaanza kulia. "Nilikuwa nakisuuza, Mama Lusia. Haki ya Mungu nilikuwa nakisuuza, nakianika palepale nilipokitoa."

"Na kuchoma?"

Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mabula. Donge ulikuwa unalichomea wapi?"

Aligeuza macho kwenye jiko la mkaa lililokuwa pembeni ya mlango wa chumba. Ninalopashia uji wa Lusia.

Mama mkwe alijishikiza ukutani. "Mimi nilisema ufiche dhahabu," akasema. "Nilisema ufiche tu." Simu yake ikaita mkononi, nadhani alikuwa mganga. Hakupokea.

Nilikifungua kiganja cha mwanangu nikaona kilivyo chekundu, nikakumbuka kila Jumapili niliyotoka ibadani nikamkuta amelala humo chumbani, nikamshukuru baba yake kwa kunilelea.

Tulipanda bodaboda mpaka barabarani, tukapata gari la Shinyanga. Kabla hatujaondoka Mabula alitaka kwenda kuitupa laptop shimoni. Nikamwambia iache, haijakosa kitu. Ningechukua ile nyeusi ya Salmini, ningeifuta na kitambaa kile kila wiki, plastiki isingeota kitu, nami ningeendelea kumpaka mwanangu dawa ya ngozi. Njia nzima nilikuwa nawaza hilo. Lusia alilala mapajani kwangu. Nilikuwa naweka kidole chini ya pua yake nihakikishe anapumua.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Shikamoo yetu aliiitikia, akasikiliza mpaka mwisho bila kumgombeza mtu. Akamshika Lusia viganja, akamgeuza nyayo, akamwangalia mdomoni.

"Tangu lini mnachomea ndani?"

Nilimwachia Mabula ajibu.

"Tangu hajaanza kukaa," akasema.

Daktari aliandika. Akatuambia watachukua damu na mkojo, watatupeleka hospitali kubwa zaidi, zipo dawa za kuitoa sumu ile mwilini, na nyumba ile mtoto asirudi. Nikamuuliza, daktari, mwanangu atapona? Nilitaka aseme ndiyo, hata kwa kunidanganya.

"Mmemleta, tunaanza," akasema. "Figo zinaweza kupona. Kichwa, mama, tutamwangalia anavyokua. Siwezi kukuahidi." Akamgeukia Mabula. "Hicho kitambaa mmekuja nacho?"

Mabula akatoa mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, ameufunga fundo juu ya fundo. Akaunyanyua ili daktari aone. Lusia, ambaye tangu tuingie hospitali alikuwa kimya, amelegea mapajani kwangu, akafumbua macho akakiona. Akainuka. Akamnyooshea baba yake mikono yote miwili, viganja vyekundu wazi, analia apewe.